Tanuri Lilisingiziwa

Mama mwenzangu mwenye mtoto chuo kikuu na tanuri nyumbani, soma haya polepole, halafu umsomee na wifi yako. Yaliyompata Tuba Khanum wa hapa mjini Yazd si ya kuchekwa, ingawa wote waliokuwepo walicheka, na yeye mwenyewe mwishowe alicheka kuliko wote.

Tuba Khanum alisoma hadi darasa la tano. Baada ya hapo aliolewa na Agha Rahmat, na mama mkwe wake, Bibi Malek, akamfundisha kuoka zile keki ndogo za mtindi na iliki ambazo mtu akija mjini kwetu haondoki bila boksi lake. Bibi Malek alipofariki, jiko la nyuma ya ua likabaki mikononi mwa Tuba. Walifanya kazi humo watu wanne: Tuba mwenyewe, Agha Rahmat, aliyekaa na tanuri, Effat, wifi yake Tuba, aliyepiga mayai huku akipiga na soga, na Golnesa, mkwe wao, mke wa mtoto wao mkubwa, binti mpole mwenye mikono miepesi, aliyepima unga, sukari, hamira na iliki.

Shida ilianza miezi michache baadaye, majira mawili ya baridi yaliyopita. Keki zilianza kubonyea katikati. Zinaumuka vizuri ndani ya tanuri, zikitoka zimelala. Ukizipanga kwenye sinia utadhani ni vibakuli. Duka moja likaacha kuagiza, la pili likaacha, hadi akabaki mteja mkubwa mmoja tu, Agha Zarrabi wa Isfahan. Naye siku moja akapiga simu.

"Tuba Khanum, keki zenu ni nuru ya duka langu," alisema. "Mikono yenu isiumie kamwe. Ila hawa wateja wangu, watu wasiojua thamani ya kitu, wananiuliza kama tunaziuza baada ya kuzikalia."

"Mungu aniue!" akasema Tuba.

"Mungu akuweke. Siku kumi kabla ya Nairuzi nitumieni sinia sita za kuonja. Zikija zimesimama, kazi ya sikukuu ni yenu. Zikija zimekaa, basi mtaniwia radhi."

Tuba akaweka simu chini. Bila Zarrabi jiko lingefungwa, hapakuwa na njia nyingine. Golnesa angetafuta kazi kwingine, Effat angebaki na soga zake tu, na mume wake angekaa nyumbani kutwa nzima akimwonyesha namna ya kupika wali.

Ndipo Mojgan, kitinda mimba wake, akasema, "Mama, mimi nina dawa."

Mojgan alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akijifunza namna viwanda vinavyoendeshwa. Alikuja na karatasi pana kama kitambaa cha kulia chakula, akaitandaza juu ya zulia. Ilikuwa imechorwa visanduku. Upande wa kushoto ameandika majina, na juu ameandika majina yale yale.

"Haya ni mambo yote ya jikoni," akaeleza. "Tanuri, unga, vipimo, kasi ya mikono, ugomvi, malalamiko ya wateja. Watu hukosea wakiuliza: kipi kibaya zaidi? Hilo swali halina faida, kwa sababu haya mambo hayajakaa kila moja chumbani kwake. Yanasukumana. Leo Baba akigombana na Shangazi, mayai yanapigwa kwa hasira. Mayai yakipigwa kwa hasira, keki inaharibika. Keki ikiharibika mteja analalamika, na mteja akilalamika, Baba anagombana na Shangazi."

"Yeye ndiye huanza," akasema Agha Rahmat.

"Muongo mkubwa," akasema Effat.

"Basi kwenye kila kisanduku naweka namba. Hiki kinakisukuma kile kiasi gani? Sifuri, hata kidogo. Nne, sana. Nikishajumlisha, pamoja na msukumo wa kuzunguka, huyu kamsukuma yule na yule kamsukuma yule mwingine, tutajua kipi ni msukumaji na vipi vinasukumwa tu. Anayesukumwa hata ukimtibu ataumwa tena. Inatakiwa kumshika msukumaji."

Tuba alisikiliza kwa makini, akaona kasoro moja. "Mbona mimi simo? Nasimama jikoni tangu alfajiri. Andika usimamizi wangu, wasije wakasema nakula bure."

Mojgan akaandika mstari wa saba: usimamizi wa Mama. Mama mwenzangu, hapo ndipo Tuba alipojiingiza mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma.

Mojgan akawauliza mmoja mmoja sebuleni, chai mezani, mbele ya wenzao wote. Walijibu vizuri sana. Alipouliza kama usimamizi wa Mama unasukuma ugomvi, Golnesa alishika kifua. "Mama? Mimi ni vumbi la miguu yake. Sifuri!" Alipouliza kama vipimo vya Golnesa vinasukuma malalamiko, Effat akasema mikono ya Golnesa ni ya kubusiwa, sifuri. Alipouliza kama ugomvi unasukuma kasi ya mikono, Agha Rahmat akasema ugomvi gani, katika nyumba hii kuna ugomvi? Sifuri. Sifuri zilijaa karatasi kama mayai kwenye trei.

Lakini tanuri halina moyo wa kuumia. Tanuri likapewa nne na kila mtu, kila mahali. Tanuri linasukuma kasi, tanuri linasukuma vipimo, na hata Effat alisema tanuri ndilo linalomfanya agombane.

Mojgan akaingiza namba kwenye kompyuta, akatoka uso unang'aa. "Tanuri!" akasema. "Msukumaji ni tanuri!"

Agha Rahmat hakungoja. Alikwenda mji wa Meybod kwa binamu yake aliyefunga kiwanda cha mikate, akarudi na tanuri jingine kwenye gari la mizigo, kubwa, jeupe, lenye mlango wa kioo. Wanaume sita walilibeba kuliingiza uani, wakavunja ukingo wa bwawa dogo la pale na mti mmoja wa komamanga. La zamani, lililookea Nairuzi zaidi ya thelathini bila kosa, likatolewa nje likafunikwa turubai.

Wakaoka. Keki zikatoka zimelala kuliko zamani.

Effat akainua moja, akaitazama juu na chini. "Hii unaweza kuitilia supu."

Mojgan alikwenda chumbani akajifungia. Tuba alimsikia akilia, na hakuna kitu kinachomkata mama maini kama kumsikia mtoto aliyesoma akilia kama ambaye hakusoma. Kabla ya kutuma sinia za Agha Zarrabi zilikuwa zimebaki siku tisa.

Jioni ile Effat alipita sebuleni akielekea kwake. Tuba alikuwa anamenya machungwa.

"Karibu chungwa, wifi."

"Ahsante, nimeshiba."

"Kula bwana, matamu."

"Wallahi sina nafasi, utumbo umejaa."

"Effat, chukua."

"Haya basi, kwa ajili yako tu." Effat akachukua mawili, akakaa, akayala yote.

Tuba akabaki na kisu mkononi. Akamtazama Effat anavyotafuna. Halafu akainuka, akaenda kugonga mlango wa binti yake kwa mpini wa kisu.

"Mojgan! Ulimuuliza kila mtu mara ngapi?"

"Mara moja, Mama," sauti ikatoka ndani. "Ndivyo tunavyofundishwa."

"Mara moja! Na wewe umezaliwa nchi gani? Umewahi kumwona nani hapa kwetu anakubali chai mara ya kwanza? Dereva wa teksi anakwambia nauli haina haja, unashuka bila kulipa? Mara ya kwanza ni heshima. Ya pili ni heshima. Ukweli uko kwenye ya tatu! Wewe umekusanya heshima za watu, umeziingiza kwenye kompyuta, umetununulia tanuri!"

Kisha mlango ukafunguliwa, Mojgan akatoka na macho mekundu, akambusu mama yake paji la uso. "Profesa wangu hakuwahi kuliwaza hilo."

"Profesa wako hana wifi."

Kesho yake wakaanza upya. Safari hii Mojgan alimwita kila mtu peke yake chumba cha wageni, na kila swali alikuwa aliulize mara tatu. Tuba alisema yeye hatasikiliza, ana kazi ya kuchambua iliki. Akaenda kuchambua iliki nyuma ya pazia la chumba cha wageni.

Wa kwanza alikuwa Golnesa.

"Usimamizi wa Mama unasukuma vipimo?"

"Hasha! Mama ni kivuli chetu."

"Nakuuliza tena, wifi yangu."

"Labda kidogo. Punje ya chumvi."

"Mara ya tatu."

Nyuma ya pazia, Tuba akaacha kuchambua.

"Nne," akasema Golnesa kwa sauti ndogo. "Ungekuwa na tano ningeweka tano. Nikishaweka hamira, Mama anakuja: umeweka hamira? Nasema ndiyo. Anaondoka, anarudi: una hakika umeweka? Sasa na mimi sina hakika. Naongeza. Juzi niliongeza mara tatu. Hamira ikizidi keki inapanda mbio halafu inaanguka. Najua, Mojgan, najua kabisa, lakini akinitazama vile hata jina langu nasahau."

Akaingia Agha Rahmat. Mara ya kwanza alisema tanuri. Ya pili akasema tanuri. Ya tatu akavua kofia, akajikuna kichwa. "Mlango," akasema. "Keki inataka dakika ishirini na tano bila kuguswa. Mama yako anafungua mlango. Anasema anatazama tu. Nimehesabu, mara sita kwa kila sinia. Baridi inaingia, keki inazimia. Nikimwambia, ananiambia mama yangu mwenyewe alimwachia yeye jiko, hakuniachia mimi. Na kweli hakuniachia. Sasa nimwambie nini?"

"Na hili tanuri jipya la kioo?"

"Nilidhani akiona ndani hatafungua. Anafungua kusafisha kioo."

Effat hakusubiri kuulizwa mara tatu. "Mimi na huyu tumekula chumvi moja miaka ishirini na minane," akasema kwa sauti kubwa iliyolielekea pazia moja kwa moja. "Andika nne kila mahali, mwanangu. Na wewe mwenye iliki huko nyuma, toka, vumbi litakuingia kifuani."

Tuba hakutoka upande wa sebuleni. Alipitia jikoni, akaenda uani, akakaa kwenye ukingo wa bwawa uliovunjika, bila koti, katika baridi ile. Hasira ilikuwa nyingi, lakini hakujua ampe nani. Aliwaza kurudi ndani awafukuze wote aoke peke yake. Aliwaza kumpigia Agha Zarrabi amwambie basi, tumeshindwa. Alikumbuka vile alivyotaka jina lake liandikwe, na masikio yakawaka moto.

Wakamfuata wote, Mojgan mbele na karatasi yake. Ilikuwa karatasi mpya: majina saba yaliyozungushiwa duara, na mishale.

"Nitoleeni hiyo kamba ya kuninyongea," akasema Tuba.

"Mama, tazama kwanza. Mshale unatoka kwako unakwenda kwenye vipimo. Mwingine unakwenda kwenye kasi, mwingine kwenye ugomvi. Vyote vinakwenda kwenye keki na malalamiko. Na malalamiko, unaona? Yanarudi kwako. Mteja akilalamika, unafungua mlango mara nyingi zaidi. Ukifungua zaidi, analalamika zaidi. Ni gurudumu. Hakuna mwovu humu, ni mzunguko tu, lakini mahali pa kuushika ni hapa."

"Kwangu."

"Kwako. Ila karatasi yangu bado haijaisha, Mama. Kila jina nimeuliza linasukuma nini, na linasukumwa na nini. Chini ya jina lako kuna mshale mmoja tu unaoingia, wa malalamiko. Haiwezekani. Wewe ulikuwa unafungua mlango hata kabla ya malalamiko ya kwanza."

Golnesa akachuchumaa mbele yake, akamfunika miguu kwa shali. "Mama, unaogopa nini?"

"Mimi? Siogopi kitu."

"Mama, unaogopa nini?"

"Nimesema siogopi, niache nipate hewa."

"Mama. Unaogopa nini?"

Tuba Khanum alitazama maji.

"Nilipewa jiko hili likiwa na moto," akasema. "Bibi Malek alikuwa anatia mkono tu kwenye unga anajua. Mimi sijui. Mimi sijawahi kujua, tangu siku ya kwanza. Mimi nafuata tu nilivyoonyeshwa, na kila nikifunga ule mlango naona kama leo ndiyo leo, leo watajua. Naufungua nione kama bado sijaharibu."

Effat, ambaye kunyamaza kwake ni habari ya mtaa, ndiye aliyejibu kwanza.

"Tia mkono anajua! Mama yangu? Wifi, mama yangu aliunguza keki kila Ijumaa! Tulikuwa tunazilisha kuku. Kuku wetu walinenepa hadi majirani wakauliza tunawapa nini. Wewe hukuziona kwa sababu alizificha kwenye ndoo, asionekane na mkwe!"

Tuba akageuka. "Kweli?"

"Rahmat, sema."

"Kuku walikuwa hawawezi kupanda ngazi," akasema Agha Rahmat.

Basi Tuba alianza kucheka huku analia, na kamasi juu, na Mojgan akachora kwenye karatasi mshale wa pili unaoingia kwenye jina la mama yake na kuandika pembeni yake neno ambalo hakumwonyesha mtu.

Siku ya sinia za Agha Zarrabi walikubaliana hivi: Golnesa atapima mara moja na kuweka kijiko chini, na Agha Rahmat atafunga mlango na kusimama mbele yake. Walirudisha tanuri la zamani, kwa sababu Effat alisema lile jeupe linamtisha. Na Tuba, wakati keki ziko ndani, asiwe jikoni wala uani. Aende kununua mkate.

Alikwenda. Alipofika kona alirudi. Agha Rahmat alikuwa mlangoni na kijiti cha tanuri mkononi kama askari wa mpakani.

"Nimesahau pochi."

"Iko mkononi mwako, bibie."

"Zimeumuka?"

"Dakika nne zimepita. Nenda."

"Nichungulie tu, sitagusa."

"Tuba, mwanamke wa maisha yangu, nenda kanunue mkate."

Foleni ya mkate ilikuwa ndefu, na ilikuwa afadhali. Alisimama akihesabu dakika kwa vidole. Dakika ya kumi mikono ilianza kumwasha. Dakika ya kumi na tano alikuwa amefika mbele, akiona mdomo wa tanuri, na kabla hajajijua akamwambia mwoka mikate, "Kijana, ule wa pembeni utaungua. Geuza. Una hakika umetia chumvi?"

Mwoka mikate akafuta jasho. "Mama, wewe nyumbani kwako una tanuri?"

"Ninalo."

"Pole zao," akasema, na foleni nzima ikacheka, na Tuba akacheka hadi akashika ukuta. Akanunua mikate minane, watu wa nyumbani wakiwa watano.

Aliporudi hakuuliza. Aliingia jikoni na mikate yake, akaiweka mezani, ndipo akatazama. Sinia zilikuwa zimepangwa dirishani, na keki zimesimama, vichwa vimepasuka kidogo juu kama inavyotakiwa, rangi ya asali. Golnesa alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, anatabasamu na unga puani. Tuba alichukua moja, akaibonyeza kwa kidole kimoja. Ikabonyea, ikarudi.

Maboksi yakapanda basi la Isfahan siku ile ile. Asubuhi ya pili Agha Zarrabi alipiga simu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuanza na sifa. Alisema tu, "Nataka mara mbili ya mwaka jana. Mtaweza?"

"Tutaweza," akasema Golnesa, maana yeye ndiye aliyepokea simu.

Jiko halikufungwa. Lakini, mama mwenzangu, usidhani kwamba ugonjwa umepona. Wiki ya pili ya kazi ya sikukuu Mojgan aliwauliza tena, mara tatu tatu, na msukumaji alikuwa si Tuba tena. Alikuwa Effat na simu yake. Effat alikasirika siku mbili, kisha akaanza kuiacha simu sebuleni, na mishale ikahama tena. Hayo mambo hayakai mahali pamoja, ukiyashika leo kesho yamegeuka, ni lazima kuuliza upya.

Kwa hiyo nakuonya. Ukiona kitu cha nyumbani mwako kimeharibika, usikimbilie kununua tanuri. Keti na watu wako, uliza, na wakikujibu vizuri mno, uliza tena, na tena. Ila kabla ya ile mara ya tatu, vaa koti. Tuba Khanum hakuvaa, na kikohozi alichokipata pale bwawani kilimaliza Nairuzi nzima.